Matope Yalilala Ndani, Samaki Nje

Morogoro, 10 Septemba 2023

Yaya Léonie,

Nakusalimu wewe, dada yangu, na wote wa nyumbani, Papa mbele ya wote. Mguu wake unaendeleaje? Shemeji Didier bado yuko Bendera kwenye mashine za umeme? Mwanenu Laure amerefuka mpaka wapi? Mimi mzima, ila vumbi la hapa linanipa mafua. Chakula nimekizoea. Bukari wanaiita ugali, na wanaisonga laini kama ya mgonjwa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu baada ya matanga ya Mama tulikubaliana kwamba kwenye simu tunagombana tu. Barua angalau hakuna anayeikata katikati. Mama Bertille amemaliza kununua vitenge vyake, anapanda boti Kigoma wiki hii, naye amekubali kuibeba.

Nina ombi, na ni kubwa. Unakumbuka nilikuambia ninachosoma sasa ni spora za bakteria. Kuna bakteria ambao njaa ikiwakuta hawasubiri kufa. Wanajikunja ndani ya ganda gumu, wanakausha maji yao karibu yote, na wanabaki hivyo. Hawali, hawapumui, hawazai. Hiyo ndiyo spora. Jua haliiui, ukame hauiui, hata maji ya moto mara nyingi hayaiui. Inaweza kukaa hivyo miaka mingi kuliko umri wa Papa. Halafu siku sukari kidogo au chakula kingine kinapoigusa, inakitambua, inapasua ganda na kuanza kuishi tena kana kwamba ililala jana. Mimi natafuta kujua ni nini hasa kinachoiamsha, na kwa nini nyingine zinakataa kuamka.

Nimepima matope ya mabwawa ya hapa, sijapata jipya. Profesa ameniambia wazi: mwanzoni mwa Juni kuna siku ya kuonyesha kazi zetu mbele ya watu. Nikifika na mikono mitupu, nafasi yangu atapewa mwingine. Nimefikiria ziwa letu. Nahitaji matope ya chini, pale mto Lukuga unapotokea ziwani. Naomba umtume Jérémie na mtumbwi wake, chupa na karatasi ya kibali anazo Mama Bertille.

Tafadhali uyaweke mahali pa baridi. Usiyaache juani. Usiyafungue kila mara kuyatazama. Usiyachanganye na kitu chochote. Na siku ya kuyatuma, umkabidhi mtu mmoja tu, yule unayemwamini. Samahani kwa usumbufu, yaya.

Mdogo wako,
Christiane

Kalemie, 29 Oktoba 2023

Mudogo wangu Christiane,

Salamu zako zimefika na zetu ni hizi: Papa mzima, mguu umepungua kuvimba. Didier alikuja mwisho wa mwezi uliopita, akakaa Jumamosi na Jumapili, akarudi. Mume wangu analinda umeme kule Bendera na hapa kwake taa zinazimika anavyotaka shetani, sijui nimlaumu nani. Laure amepokea komunyo ya kwanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa habari, mara ya pili kwa Kiswahili chako. Naomba, tafadhali, samahani kwa usumbufu. Nani amekufundisha kuniomba samahani? Mimi niliyekuwa nikikuogesha kwa nguvu ukilia!

Sasa matope. Nilipanga nimtume Jérémie, basi, mambo yaishe. Papa akasikia. Akasema, "Kazi ya Docta haitumwe muntu. Niko naenda miye mwenyewe." Bado hujawa Docta, lakini katika nyumba yangu umekwisha kuwa. Akavaa shati lake la kwenda misa, akaingia mtumbwini na mguu ule ule ambao mimi naukanda kila asubuhi. Jérémie alicheka mpaka kasia likataka kumponyoka. Walirudi saa sita, Papa amepakata chupa kwenye mapaja, hakutaka mtu amsaidie kuibeba. Nafundisha biolojia kwenye lise, sekondari yetu, miaka kumi na tano, Christiane. Papa hajawahi kufika hata kwenye mlango wa darasa langu.

Si hiyo tu. Nilikuwa nimenunua samaki, mikebuka mizuri, mikubwa, kwa ajili ya sherehe ya Laure, nikaijaza kwenye frigo, maana siku hizo umeme ulikuwa unakaa. Papa akaitoa yote, akaipanga juu ya meza ya jikoni. "Hii ya Docta ilale peke yake, isikamate harufu ya samaki." Mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi jioni nilipokewa na nzi. Matope yako yalilala ndani, samaki wangu wakalala nje, na Laure alikula maharage siku ya komunyo yake.

Nilikasirika, nisikufiche. Kesho yake, Papa akiwa amejinyoosha kwenye kiti chake barazani, nilishughulika na chupa yako mimi mwenyewe. Usiwe na shaka. Nimeyatunza kupita vile ulivyoomba. Boti ilichelewa kwa sababu ya upepo, ndiyo maana barua hii pia imechelewa.

Papa anakusalimu. Amenikumbusha mara tatu niandike kwamba anakusalimu.

Yaya wako,
Léonie

Morogoro, 14 Januari 2024

Yaya mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Noeli yangu ilikuwa ya upweke kidogo, nilikula wali kwa mama mwenye nyumba, na nilipofunga macho nilisikia Papa akiimba sauti yake ile ya chini inayochelewa nyuma ya kwaya. Pole sana kwa mikebuka. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Yaya, kaa chini kabla ya kuendelea.

Kazi yetu huwa hivi. Matope yakifika nayagawa nusu mbili. Nusu moja naipasha moto, ili bakteria wa kawaida wafe na zibaki spora peke yake. Moto huo huo pia unazigutusha, ziwe tayari kuamka. Nusu ya pili naiacha kama ilivyo, nione vyote vinavyoishi humo. Kwa kawaida nusu ya pili ni kama soko la siku ya Jumamosi, kila aina ipo.

Matope ya Lukuga hayakuwa hivyo. Nusu zote mbili zimetoka sawasawa! Hata ile ambayo sikuigusa na moto haina kinachoishi isipokuwa spora, na spora hizo zimeamka zote kwa pamoja, kama wanafunzi kengele inapolia. Zilitoka chini ya ziwa zikiwa tayari. Profesa aliangalia, akavua miwani, akaangalia tena. Anasema labda kuna kitu katika ziwa letu kinachofanya kazi ya moto bila moto. Ameita wenzake waje waone. Tarehe sita Juni mimi ndiye nitakayesema wa kwanza, na chuo kinawaalika wazazi. Nimemwambia Papa Jumapili kwenye simu. Nikadhani mtandao umekatika, kumbe analia.

Kuna jambo dogo. Chupa ilifika na utando mwembamba wa mafuta juu ya matope, mwekundu-mwekundu. Nimeandika kwamba ni mafuta ya mota. Ni ya mota ya Jérémie, sivyo?

Niambie Papa siku hizi anaamka saa ngapi, na akiamka anasema nini kwanza.

Christiane wako

Kalemie, 3 Machi 2024

Christiane,

Hatujambo. Mvua ni nyingi, ziwa linapanda, nyumba za kule chini karibu na bandari zimeanza kuingiwa na maji. Kwetu bado. Laure ana meno mawili mapya. Didier hajaja.

Jérémie hana mota. Anapiga kasia tangu tumjue. Lakini andika ni ya mota, boti zinapita.

Papa ameshona suti. Ya bluu. Amempelekea fundi kitambaa ambacho Mama alikiweka kwa ajili ya siku kubwa, na mimi nilijua kipo, nilikuwa nakingojea kwa siku yangu mwenyewe ambayo sikujua itakuwa ipi. Kila Jumapili baada ya misa anasimama mlangoni pa kanisa na kumwambia kila anayetoka: "Mutoto wangu amevumbua kitu mu ziwa. Kitu chenye hakuna muntu alikuwa anajua." Watu wananipongeza mimi. Wananishika mkono mimi, wanasema msalimie mwenye akili. Picha yako iko juu ya televisheni. Yangu ya diploma iko nyuma ya kabati, si kwamba aliificha, ilianguka huko na hakuna aliyeona kwamba haipo.

Nina wivu. Nimeliandika neno, sasa liko kwenye karatasi na wino siufuti. Nilipata asilimia nyingi kuliko wewe kwenye mtihani wa Serikali. Mimi ndiye niliyeotesha maharage kwenye pamba mbele yako ukiwa na kaptula, nikakuonyesha mzizi unavyotoka. Wewe ulikwenda kwa sababu mtu mmoja alipaswa kubaki, nikabaki mimi. Sikukuchukia siku hiyo. Nilianza kukuchukia siku ya mikebuka, na nilikuchukia kwa muda wa kutosha maji kuchemka.

Tuache hayo. Nina mwanafunzi mmoja, jina lake si muhimu, anapenda kuuliza. Nilikuwa nawaeleza habari za spora zako. Akaniuliza: kama mtu angechemsha matope hayo kabla hayajafika kwa mtafiti, mtafiti angeona nini? Na mtafiti huyo akisimama mbele ya watu akasema alichoona, atapatwa na nini? Nimemwahidi nitakuuliza.

Papa anaamka kabla ya jogoo. Neno la kwanza ni kikohozi.

Léonie

Morogoro, 7 Aprili 2024

Yaya,

Nimefurahi kusikia habari za meno ya Laure. Habari za maji zinanitia wasiwasi, Papa asishuke bandarini kuangalia. Mimi nimekonda kidogo. Nalala kidogo pia.

Mwambie mwanafunzi wako hivi. Bakteria wa kawaida wangekufa wote sufuriani. Zingebaki spora, na moto ungezigutusha. Mtafiti angeona kile kile nilichoona mimi, na angefikiri ni ziwa limefanya. Ni swali zuri. Wapo watu waliosoma sana ambao hawakuliuliza kwa sababu hawakutaka kuliuliza.

Kuhusu kitakachompata mtafiti huyo: siku ile ile hakuna. Watampigia makofi. Kisha mwingine atakwenda kuchota matope pale pale, akute soko la kawaida, kila aina ipo. Baada ya hapo hakuna atakayempa kazi tena, hata ya kuosha chupa. Atarudi nyumbani kwa baba yake, na baba yake atalazimika kupita mlango mwingine wa kanisa.

Sikuulizi jina la mwanafunzi. Nitasimama tarehe sita Juni. Kama hakuna kingine kutoka Kalemie, nitasema nilichonacho.

Na kwa kuwa umeandika neno hilo, na mimi niliandike. Wewe unanionea wivu kwa picha iliyo juu ya televisheni. Mimi nakuonea wivu kwa kikohozi cha asubuhi. Mama alikufa mikononi mwako, yaya. Mimi nilipewa simu, na hata simu ilikatika. Papa ananiita Docta kwa sababu hanijui tena, angeniitaje? Wewe anakuita kwa jina kila akitaka maji. Wakati mwingine Jumapili, akiwa ananisifu kwenye simu, nasikia nyuma yake sauti ya sahani zako, na natamani anyamaze nisikilize sahani.

Christiane

Kalemie, 12 Mei 2024

Mudogo wangu,

Maji yamefika uani kwetu. Nimeinua magodoro juu ya meza, kuku wanalala dirishani. Hatujambo hivyo hivyo. Watu wa kule chini wamehamia shuleni, kwa hiyo sifundishi, darasa langu limejaa vitanda na sufuria.

Mwanafunzi yule hatakuuliza tena.

Jérémie alikataa. Alisema ziwa halijatulia na yeye ana watoto. Nikamwambia mimi pia nina watoto, shika kasia. Tulikwenda alfajiri. Papa alitaka kuingia mtumbwini nikamkataza kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea tangu nizaliwe, akakaa kwenye ngazi akitungoja. Nilizamisha chombo mimi mwenyewe pale pale, mbele ya mahali Lukuga inapotokea.

Chupa hii haijaona jiko. Haijakaribia jiko. Umeme ulipokatika niliizungushia kitambaa cha maji na kuipepea kwa daftari. Samaki hawakuwepo, na kama wangekuwepo wangelala popote. Itumie hii. Ile nyingine uitupe pamoja na mafuta yake, na kama una swali kuhusu mafuta hayo, mawese ya mwaka jana yalikuwa mazuri, tulipikia maharage wiki nzima.

Najua chupa hii itakuondolea nini. Nimelia kidogo, nikajisemea, afadhali apeleke ukweli mdogo kuliko uongo mkubwa wenye harufu ya sufuria yangu.

Uliniambia nimkabidhi mtu mmoja ninayemwamini. Nimemkabidhi Papa. Anapanda boti na Mama Bertille, suti yake iko kwenye mfuko wa nailoni. Hajui lolote, anajua tu kwamba Docta ameomba matope mengine. Kwa kuwa wewe uliniandikia namna ya kutunza matope yako, na mimi nakuandikia.

Umuweke mahali pa baridi, joto linamvimbisha mguu. Usimwache juani akingoja basi. Usimchokoze kwa maswali kila mara kuhusu Mama, ataongea mwenyewe siku atakayotaka. Chai yake usiichanganye na maziwa. Asubuhi mguu ukandwe kuanzia chini kwenda juu, si kinyume. Akikohoa usikimbie, ni salamu.

Matope ni yako, baki nayo. Papa nimekuazima. Umurudishe.

Léonie

Morogoro, 16 Juni 2024

Yaya Léonie,

Papa mzima, mguu mzuri. Nakanda kutoka chini kwenda juu. Maji yameshuka uani? Magodoro yamekauka? Nambie pia kama kuku wamekubali kuhama dirishani.

Matope yako yalifika baridi kuliko mikono ya Papa. Nimeyagawa nusu mbili kama kawaida. Ile isiyopashwa moto ilikuwa soko la Jumamosi. Ule utando mwekundu niliunusa siku ya kwanza kabisa, mwezi wa kumi na moja, na mimi nimelelewa kwa maharage yale. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nilimwendea Profesa kabla ya siku yenyewe, nikamwambia chupa ya kwanza ilipata moto njiani, kosa ni langu la kutopima upya. Hakunifukuza. Amenipa mwaka mmoja zaidi, lakini sikusema wa kwanza tena. Nilisema wa mwisho, watu wengine walishatoka kunywa soda. Nilionyesha kwamba katika matope ya Lukuga kuna spora za aina moja zinazochelewa kuamka kuliko za mabwawa ya huku. Ni kitu kidogo. Ni kweli. Papa alikaa mstari wa mbele na suti ya bluu, hakuelewa hata neno moja, akapiga makofi katikati ya sentensi.

Sasa nikuambie kilichonipata hapa. Siku ya kwanza nilimpikia. Akala vijiko viwili akasema, "Léonie anatiaka chumvi maji yakisha kuchemka." Siku ya pili nikatia chumvi kama alivyosema. Akasema, "Léonie ndio anajuaka kusonga bukari." Chai, Léonie. Kitanda, Léonie. Anamweleza mama mwenye nyumba kwamba ana mtoto mwalimu, lise nzima inamwogopa. Jana nilichukua sufuria nzima nikaimwaga nje, nikakaa jikoni kwenye kigoda nikilia kwa wivu kama mtoto. Sikujua wivu unauma hivi hata kwa mtu unayempenda.

Leo asubuhi tulikuwa tumekaa nje, nikamuuliza kama anakumbuka siku ya chupa ya kwanza. Akasema anakumbuka vizuri. Alikuwa barazani kwenye kiti chake, mlango wa jikoni wazi. Alikuona umesimama mbele ya moto unakoroga. Nikamuuliza, na hukumwambia kitu? Akanishangaa. Anadhani uliyachemsha yasiharibike njiani, kama tunavyochemsha maziwa. Akasema hivi, naandika kama alivyosema: "Nilimuangalia nikasema mu roho, huyu mutoto anamupenda mudogo wake. Samaki yake imeoza kwa ajili ya hii matope, na bado anayapika."

Nikamkanda mguu, yaya. Sikumsahihisha. Anapanda boti Alhamisi.

Christiane